Akina Paston wa Norfolk: mashamba, wosia na barua karibu elfu moja

Kuna hati fupi ya karne ya 15, isiyotaja mwandishi, iliyotungwa na mtu aliyewachukia akina Paston. Inaeleza kwamba Clement Paston, wa kijiji cha Paston katika pwani ya Norfolk, mashariki mwa Uingereza, alikuwa mkulima tu. Ardhi yake haikuzidi ekari 100 au 120, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za utwana, yaani zilishikwa kwa masharti ya mtu asiye huru, chini ya bwana wa Gimingham. Alilima kwa plau moja mwaka mzima, na mbili msimu wa shayiri. Alikwenda kinuni juu ya farasi asiye na tandiko, nafaka ameikalia, akarudi ameukalia unga. Mazao ya kuuza aliyapeleka Winterton kwa mkokoteni. Na mkewe, hati inaongeza kwa makusudi, alizaliwa utwanani.

Yote hayo yaliandikwa ili kuwavunjia heshima watoto na wajukuu wake, ambao wakati huo walikuwa wakijihesabu waungwana. Lakini hati hiyohiyo imeponyokwa na jambo muhimu kuliko matusi yake: Clement alikuwa akikopa fedha ili mwanawe William asome. Mjomba wa kijana, Geoffrey wa Somerton, alikuwa wakili, na pia muuza vyeti vya msamaha wa dhambi, kazi iliyokusanya senti nyingi enzi zile. Ndiye aliyemsaidia William kwenda kujifunza sheria.

Koo nyingi za kale za Uingereza hujitambulisha kwa vita vya mwaka wa 1066 na kwa mababu waliovuka bahari na William Mshindi. Akina Paston nao baadaye walijitengenezea babu wa namna hiyo. Ukweli ni kwamba walipanda kwa vyeti na mahakama, na kila walipoanguka, ukichunguza utakuta karatasi fulani ilikuwa na dosari. Huo ndio uzi nitakaoufuata hapa, nikiongozwa na barua karibu elfu moja walizoziacha, kwa sababu bila huo ukoo huu unabaki orodha ya akina John.

Jaji na ununuzi wake

William alizaliwa 1378 na mwaka 1429 akawa jaji wa Mahakama ya Madai ya Kawaida huko Westminster. Mwaka 1420, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, alimwoa Agnes Berry, binti wa Sir Edmund Berry wa Hertfordshire, mwanamke aliyekuja na mashamba yake mwenyewe. Fedha ya uwakili na ujaji aliigeuza ardhi: alinunua Oxnead, akanunua Gresham kutoka kwa Thomas Chaucer, mtoto wa mshairi Geoffrey Chaucer, na akajiongezea vipande vingi kijijini Paston kwenyewe.

Alichonunua mara nyingi kilikuwa manori, yaani eneo lenye shamba la bwana, wapangaji wanaolipa kodi, na mahakama ndogo ambayo karani wake huandika kila badiliko la umiliki. Ununuzi ulikwenda kwa hatua. Kwanza hati za muuzaji na za waliomtangulia zilikaguliwa. Kisha hati mpya iliandikwa na kutiwa lakiri. Hiyo peke yake haikutosha: muuzaji au mwakilishi wake alipaswa kufika shambani na mbele ya mashahidi kumkabidhi mnunuzi kitu halisi, bonge la udongo au ufunguo. Baada ya hapo mnunuzi mwangalifu hakuiacha ardhi kwa jina lake pekee. Aliihamishia kwa kundi la marafiki na mawakili, wadhamini walioishika kwa faida yake. Sababu zilikuwa mbili. Sheria ya kawaida ya Uingereza haikuruhusu kurithisha ardhi kwa wosia hadi 1540, lakini wadhamini waliweza kuagizwa wampe nani. Na mmiliki akifa huku mrithi ni mtoto, bwana wa juu hakupata nafasi ya kumchukua mtoto na mapato yake.

Mpango huu unapendeza kwenye karatasi. Huharibika kwa njia tatu. Wadhamini hugombana, au mmoja hununuliwa na adui. Ndugu wa muuzaji wa zamani hujitokeza na hati ya babu yao. Na mbaya kuliko zote, mtu mwenye nguvu huingia shambani na watu wenye silaha, huwatoza kodi wapangaji, na miaka ikipita kodi ile ile inakuwa ushahidi wake mahakamani. William aliyajua hayo vizuri. Agnes alimwandikia mwanawe Edmund mwaka 1445 akimkumbusha ushauri wa marehemu baba yake wa kusoma sheria, kwani alisema mara nyingi kwamba yeyote atakayeishi Paston atahitaji kujua kujitetea.

Cha ajabu ni kwamba jaji huyo naye alikufa, Agosti 1444, akiacha wosia wenye utata. Agnes alidai kwamba mumewe kitandani alitaka kuwaongezea watoto wadogo, kwa kuwa hakutaka kumpa mmoja nyingi hata waliobaki wakose cha kuwatosha. Maneno hayo hayakuingizwa kwenye hati kwa wakati. Mtoto mkubwa, John, akashika kila alichoweza kushika, na ugomvi kati ya tawi lake na mdogo wake William ukaendelea hadi kizazi kilichofuata.

Gresham, 1448 hadi 1450

John wa kwanza, aliyezaliwa 1421, alisoma Cambridge na kisha sheria London. Karibu 1440 alimwoa Margaret Mautby, mrithi wa mashamba ya baba yake. Ndoa ilipangwa na wazazi, na Agnes aliripoti kwa furaha kwamba vijana walipoonana mara ya kwanza msichana alimkaribisha John kwa upole. Katika barua hiyohiyo anamwomba mumewe anunue kitambaa cha gauni la mkwe mtarajiwa, cha bluu nzuri au chekundu cha kung'aa. Hiyo ndiyo ladha ya barua hizi: sheria, ndoa na nguo katika ukurasa mmoja.

Februari 1448 Robert Hungerford, Lord Moleyns, akaichukua Gresham. Dai lake lilipitia kwa ukoo wa mkewe, na aliyemsukuma alikuwa wakili wa hukohuko Norfolk, John Heydon. John Paston alijaribu mahakama na mazungumzo, kisha Oktoba 1449 akaingia katika nyumba moja ndani ya manori na kumwacha Margaret humo. Katika kipindi hicho Margaret alimtumia mumewe London orodha ya mahitaji. Anataka pinde za mtambo, vifaa vya kuzivutia na mishale yake mifupi, kwa maelezo kwamba nyumba zao zina dari fupi mno na mtu hawezi kupiga kwa upinde mrefu akiwa ndani. Anataka mashoka ya vita na makoti ya kinga. Halafu, bila hata kubadilisha sauti, anaomba ratili moja ya lozi, ratili moja ya sukari, kitambaa cha sufu kwa nguo za watoto, na yadi moja ya joho jeusi kwa kofia yake. Kwangu mimi hiyo ndiyo barua bora katika mkusanyiko mzima.

Tarehe 28 Januari 1450 Moleyns alituma watu wake. Malalamiko ya John kwa mfalme yanataja watu 1,000, idadi ambayo ni vizuri kuipokea kama idadi ya mlalamikaji, lakini vifaa vinavyoorodheshwa vina uzito wa kweli: ngazi, masururu ya kuchimbua kuta, kulabu ndefu za kubomolea nyumba, magogo ya kuvunjia malango, sufuria za moto, bunduki. Ndani walikuwemo Margaret na watu 12. Washambuliaji walichimbua nguzo na ukuta wa chumba cha Margaret na kumbeba nje. Hasara ilitajwa kuwa pauni 200. Gresham ilirudi mikononi mwa akina Paston, lakini ikiwa imebomolewa.

Wosia wa Fastolf

Kilichoufanya ukoo huu kuwa mkubwa, na kikakaribia kuumaliza, ni kifo cha Sir John Fastolf tarehe 5 Novemba 1459. Fastolf alikuwa mwanajeshi mkongwe wa vita vya Ufaransa, tajiri, asiye na mtoto, aliyejenga ngome ya matofali huko Caister karibu na Yarmouth. John Paston alikuwa mwanasheria wake na jamaa wa ndoa. Siku mbili kabla ya kufa, kwa maelezo ya John, mzee alibadilisha wosia wake kwa mdomo: mashamba yote ya Norfolk na Suffolk yawe ya John, kwa sharti la kulipa maki 4,000 (maki moja ni theluthi mbili za pauni) na kuanzisha nyumba ya ibada Caister yenye watawa saba na maskini saba.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila liliandikwa na mtu aliyefaidika nalo. Wasii wengine, yaani waliopewa kazi ya kutekeleza wosia, akiwemo jaji William Yelverton na katibu wa marehemu, William Worcester, walikataa kuutambua wosia huo. Kesi ilikwenda mahakama ya kanisa, kwa kuwa wosia ulikuwa chini ya askofu mkuu, wakati madai ya ardhi yalikwenda mahakama za mfalme, na kila upande ulikuwa na mashahidi wa kuapa. Kesi ya aina hiyo haikuisha haraka, na wakubwa walisoma kuchelewa huko kama ruhusa. Duke wa Suffolk alidai Hellesdon na Drayton. Duke wa Norfolk alitaka Caister.

John alifungwa katika gereza la Fleet London mara tatu kati ya 1461 na 1465. Margaret akawa ndiye msimamizi wa vita vya nyumbani. Njia ya vita hiyo ilikuwa kukamata mifugo: upande mmoja unadai kodi, mpangaji anasema ameshalipa upande wa pili, ng'ombe na farasi wake wanaswagwa hadi alipe tena. Wapangaji wengi walisimama katikati wakiomba wasilipe yeyote mpaka wakubwa wamalizane. Oktoba 1465 watu wa Duke wa Suffolk waliibomoa nyumba ya Hellesdon, wakawalazimisha wapangaji wa Paston wenyewe kusaidia kubomoa, wakapora hata kanisa wakiwa wamesimama juu ya madhabahu.

John alikufa London Mei 1466, hajafika miaka 45. Mwili ulirudishwa Norfolk na kuzikwa katika monasteri ya Bromholm, na hesabu za mazishi zimebaki: nguruwe 41, ndama 49, mayai 1,300, mapipa ya bia, kinyozi aliyefanya kazi siku tano, na malipo ya kuondoa vioo viwili vya dirisha la kanisa ili moshi wa mienge utoke. Familia iliyokuwa ikisakamwa na madeni ilizika kwa kishindo makusudi. Heshima hadharani nayo ilikuwa ushahidi.

Mwaka huohuo suala la utwana wa babu yao lilifika kwa Mfalme Edward wa Nne. Wakaleta hati na madaftari ya mahakama za manori, na Julai 1466 mfalme akatoa tamko kwamba akina Paston ni waungwana kutoka zamani za kale, na kwamba wenyewe wamekuwa na watwana tangu enzi zisizokumbukwa. Baadhi ya hati hizo bila shaka zilikuwa za kutungwa, na aliyezikusanya alijua kazi yake.

Wiki tano ndani ya Caister

Hapa ndipo wasomaji wengi hupotea, kwa hiyo nitangulize maelezo ya majina. John wa kwanza alikuwa na watoto wawili wa kiume walio hai kwa wakati mmoja, wote wakiitwa John. Mkubwa, aliyezaliwa 1442 na kupewa cheo cha Sir mwaka 1463, huitwa John wa pili. Mdogo, aliyezaliwa 1444, ni John wa tatu. Ukikuta barua imeandikwa "kwa Sir John" kabla ya 1487, ni wa pili. Ukikuta mwandishi analalamika kuhusu chakula, mapaa na mishahara ya watumishi Norfolk, kwa kawaida ni wa tatu. Wa pili alipenda maisha ya ikulu, mashindano ya farasi na vitabu. Wote wawili walikwenda Bruges mwaka 1468 kwenye harusi ya dada wa mfalme na Duke Charles wa Burgundy, na wa tatu aliandika kwamba hajapata kusikia ikulu kama ile isipokuwa ya Mfalme Arthur.

Wakiwa bado na furaha hiyo, Yelverton na wenzake waliiuza Caister kwa Duke wa Norfolk, kana kwamba wosia wa 1459 haukuwapo. Agosti 1469 Duke aliizingira, akiwa na watu wanaokadiriwa 3,000. Ndani John wa tatu alikuwa na wanaume wasiofika 30. Walishikilia wiki tano. Tarehe 12 Septemba Margaret alimwandikia mwanawe mkubwa aliyekuwa London kwamba ndugu yake amekosa chakula, baruti na mishale, kwamba mtumishi wao Daubeney ameuawa, na kwamba itakuwa aibu ya milele ngome ikipotea hivyo. Sir John alijibu kwamba ana habari tofauti. Mwishoni mwa Septemba walisalimu amri, wakaruhusiwa kutoka na maisha yao, farasi na mavazi ya vita, wakiacha bunduki na pinde za mtambo.

Suluhu ya wosia wenyewe ilikuja 1470 kupitia William Waynflete, Askofu wa Winchester, ambaye naye alikuwa wasii wa Fastolf. Nyumba ya ibada ya Caister ilifutwa, na sehemu kubwa ya mashamba ikaenda Magdalen College, Oxford, chuo alichokianzisha Waynflete mwenyewe. Akina Paston walibaki na haki ya Caister na mashamba machache. Ngome yenyewe ilikuwa bado mkononi mwa Duke. Waliipata kwa muda wakati Henry wa Sita, mpinzani wa Edward wa Nne, aliporudishwa kitini, wakapigana upande wake katika mapigano ya Barnet tarehe 14 Aprili 1471, wakashindwa, John wa tatu akichomwa mshale mkononi, na Caister ikaondoka tena. Januari 1476 Duke akafa ghafla bila mtoto wa kiume. Sir John hakungoja hata mazishi kutuma dai lake, na mwaka huo baraza la mfalme likampa. Miaka 17 baada ya Fastolf kufa, ngome ikawa yao kihalali.

Mabinti na ndoa

Binti za Paston walipata upande mkali wa hesabu hizi. Elizabeth, binti wa Agnes, alikataa kuolewa na Stephen Scrope, mjane wa karibu miaka 50 aliyeharibiwa sura na ugonjwa. Jamaa mmoja aliandika 1449 kwamba Agnes alikuwa akimpiga mara moja au mbili kwa wiki, wakati mwingine mara mbili kwa siku, na kwamba kichwa chake kilikuwa na majeraha mawili au matatu. Ndoa hiyo haikufanyika.

Margery, binti wa Margaret, alifanya kubwa zaidi. Mwaka 1469, wakati ule ule wa Caister, ilijulikana kwamba ameahidiana ndoa kwa siri na Richard Calle, msimamizi wa mashamba ya familia. John wa tatu alisema hatakubali dada yake auze mishumaa na haradali Framlingham, kwa kuwa watu wa Calle walikuwa wenye maduka. Askofu wa Norwich aliwahoji kila mmoja peke yake. Kisheria swali lilikuwa moja: maneno gani hasa yalisemwa? Mbele ya kanisa ahadi iliyotamkwa kwa wakati uliopo ilikuwa ndoa kamili, bila padri wala mashahidi. Margery alirudia maneno yake, kisha akasema kama hayatoshi atayaongeza sasa hivi. Margaret alimfungia mlango. Lakini Calle aliendelea na kazi, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua hesabu za wapangaji kama yeye, na katika wosia wake wa 1482 Margaret alimwachia mtoto mkubwa wa Margery pauni 20.

Kwa upande mwingine kuna Margery Brews, aliyemwandikia John wa tatu Februari 1477 akimwita Valentine wake. Hutajwa kama barua ya kale zaidi ya Valentine kwa Kiingereza. Inayofuata ni ya fedha: baba yake, anasema, hatatoa zaidi ya pauni 100 na maki 50. Kumbuka kwamba huko mali ilitoka kwa baba wa bibi arusi. Wakafunga ndoa mwaka huohuo. Sir John, baada ya uchumba wa miaka mingi na Anne Haute uliokufa, alifariki London Novemba 1479 wakati wa tauni, bila mrithi halali, na John wa tatu akarithi. Mwaka 1485 Duke mpya wa Norfolk alimwita aje na watu kumsaidia Richard wa Tatu. Hakuna dalili kwamba alikwenda. Duke aliuawa katika mapigano ya Bosworth, ambako Richard alishindwa, na John akawa sherifu wa Norfolk na Suffolk chini ya mfalme mpya, Henry wa Saba.

Kutoka Oxnead hadi mufilisi

Karne iliyofuata ilikuwa tulivu, nami nitaipita haraka. Clement Paston mwingine, nahodha wa Henry wa Nane, aliteka merikebu ya Kifaransa na kujenga jumba Oxnead. Sir William Paston alijenga ghala kubwa la nafaka kijijini Paston mwaka 1581, lenye urefu wa kama mita 70, ambalo bado limesimama, na mwaka 1606 akaanzisha shule North Walsham ambako Horatio Nelson alisoma utotoni. Lady Katherine Paston aliacha barua zake za miaka ya 1620 kwa mwanawe aliyekuwa Cambridge.

Robert Paston, aliyezaliwa 1631, ndiye aliyefika juu kabisa. Mwaka 1664 alisimama bungeni na kupendekeza mfalme apewe pauni 2,500,000 kwa vita na Waholanzi. Charles wa Pili hakusahau: alimpa vyeo hadi kuwa Earl wa Yarmouth mwaka 1679, na alikula kwake Oxnead mwaka 1671. Robert alitumia fedha nyingi kwenye alkemia na kwenye kupokea wageni. Mchoro unaoitwa Hazina ya Paston, uliopo jumba la makumbusho la Norwich Castle, unaonyesha sehemu ya alivyokuwa navyo yeye na baba yake: vikombe vya kombe, tufe la dunia, kamba-mti, kasuku, msichana mwenye karatasi ya muziki, na kijana Mwafrika mwenye tumbili, ambaye mchoraji hakumtaja jina. Vingi katika hivyo viliuzwa muda si mrefu baadaye. Mwanawe, Earl wa pili, alimwoa binti wa nje wa ndoa wa Charles wa Pili, akawazika watoto wake wa kiume, na alipokufa 1732 cheo kilikwisha na madeni yakabaki. Mali ilinunuliwa na Admirali George Anson. Sehemu kubwa ya jumba la Oxnead ilibomolewa.

Barua zilivyopona, na namna ya kuzisoma

Barua zilihifadhiwa kwa sababu ile ile ya hatimiliki: siku moja zingeweza kufaa mahakamani. Earl wa pili aliuza baadhi ya makaratasi kwa mkusanyaji Peter Le Neve. Mjane wa Le Neve aliolewa na Thomas Martin wa Palgrave, na kutoka kwa Martin yakapita kwa mfamasia wa Diss hadi kwa John Fenn mwaka 1774. Fenn alichapisha juzuu mbili za kwanza mwaka 1787, akamzawadia Mfalme George wa Tatu asili zake, akapewa cheo cha Sir. Asili hizo zikapotea machoni pa watu hadi 1889, zilipoonekana katika nyumba ya Orwell Park, Suffolk. Katikati hapo, mwaka 1865, msomi mmoja alidai hadharani kwamba huenda zote ni za kughushi. Leo nyingi ziko British Library.

Barua ya kawaida ni karatasi moja iliyoletwa kutoka nje, kwani Uingereza haikuwa na kiwanda chake hadi miaka ya 1490. Mwandishi alikata kipande kilichobaki akitumie baadaye, akakunja barua iwe pakiti ndogo, akapitisha uzi au utepe wa karatasi na kutia lakiri juu yake. Zile 104 za Margaret ziliandikwa na makarani, akiwemo Calle na padri James Gloys, hivyo usijenge hoja kuhusu tahajia "yake".

Kuhusu tarehe, makosa hutokea mahali patatu. Kwanza, siku hutajwa kwa sikukuu: "Jumanne kabla ya Siku ya Msalaba" mwaka 1469 ni 12 Septemba, lakini ukihesabu kwa kalenda ya leo badala ya kalenda ya Julius iliyotumika wakati huo, siku ya wiki haitakubali. Pili, mwaka wa utawala: mwaka wa 9 wa Edward wa Nne unaanza 4 Machi 1469 na kuishia 3 Machi 1470. Tatu, mwaka wao ulianza 25 Machi, hivyo Februari waliyoiita ya 1476 kwetu ni ya 1477. Barua nyingi hazina mwaka kabisa, na hapo matoleo hutofautiana. Ukinukuu, taja umefuata toleo gani.

Fedha ni rahisi zaidi. Pauni ni shilingi 20 au peni 240. Maki ni hesabu tu, haikuwa sarafu: shilingi 13 na peni 4, yaani theluthi mbili za pauni. Kwa hiyo maki 4,000 alizotakiwa John Paston kulipa ni pauni 2,666, shilingi 13 na peni 4, na ofa ya baba yake Margery Brews ni pauni 133 na shilingi 6 na peni 8.